Kuna Wine Ndani ya Maabara

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Muhula uliopita lilisemwa jambo kule mabwenini likaenea kama moto wa nyika: ati wanachama wa Chama cha Tarakilishi wameficha wine ndani ya maabara. Mashahidi walikuwako. Mmoja aliapa kwamba alisimama nyuma yetu kwenye foleni ya githeri akatusikia kwa masikio yake tukisema, "Jana tuliweka wine lakini ilikataa. Leo tutajaribu ile ya zamani, pengine itashika." Sasa, msomaji mpenzi, hebu fikiria maneno ya aina hiyo yakimfikia kiranja wa zamu.

Jioni hiyo naibu wa mwalimu mkuu aliingia maabarani bila kupiga hodi, kiranja nyuma yake, akaamuru kabati lifunguliwe. Kabatini mlikuwa na nyaya, vumbi, na kipanya kimoja kilichokatika mkia. "Iko wapi?" akauliza. Mwenzetu, miguu ikimtetemeka, akanyosha kidole kwenye skrini ya mashine nambari tisa. "Hii hapa, Mwalimu. Wine ni programu." Kimya kilitanda. Halafu mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Lakini hakutoka hivi hivi. Alituachia adhabu: mmoja wetu aandike katika jarida hili, kwa Kiswahili ambacho hata mama yake mzazi kule Kimilili atakielewa, hiyo wine ni kitu gani na inamfaa nani. Kura ikaniangukia mimi.

Naandika basi, lakini siandiki kwa ajili ya adhabu peke yake. Kuna fikra ambayo imekuwa ikizunguka humu shuleni, na naona sasa imeanza kupata wafuasi hata miongoni mwa watu wazima, kwamba zile tarakilishi zetu kumi na nne zimezeeka, kwamba haziwezi kubeba Windows mpya, na kwa hivyo afadhali ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi napinga. Napinga nikijua kwamba nitaitwa mbishi, na nitasema pia mahali ambapo mimi mwenyewe nilianguka kifudifudi, maana mficha uchi hazai.

Tuanze na mzizi wa jambo. Ndani ya kila tarakilishi kuna programu mama iitwayo mfumo endeshi. Huyo ndiye mwenye funguo za nyumba. Diski ni yake, skrini ni yake, kibodi ni yake, printa ni yake. Programu nyingine zote ni wageni tu. Unapoandika insha, ile programu ya kuandikia haiwezi kuigusa skrini kwa mkono wake, huomba. "Tafadhali nichoree dirisha hapa." "Nipe herufi aliyobonyeza huyu mwanafunzi." "Nifungulie faili hii." Huomba mara elfu nyingi kwa dakika, na huomba kwa maneno maalumu. Windows ina maneno yake. Linux ina yake. Mac ina yake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows huomba kwa maneno ya Windows, na ukiipeleka kwenye Linux huwa inaongea na mtu asiyemwelewa.

Nenda sokoni Kitale siku yenye watu wengi ujionee. Mzee wa Kipokot ameteremka kutoka upande wa Kapenguria na mbuzi wake. Mama wa Kibukusu ameketi na gunia lake la mahindi. Tuseme kila mmoja anajua lugha ya kwao tu. Mzee anauliza bei. Mama anasikia sauti tu. Mzee si mjinga, na mama hana roho mbaya. Hawajakutana tu. Utawasaidiaje? Unaweza kumfunza mzee Kibukusu, lakini hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Kwa upande wa programu kazi hiyo hufanywa na mwenye kuiandika, naye yuko Marekani na wala hajui kwamba Matisi ipo. Unaweza pia kumjengea mzee boma zima la Kipokot pale pale sokoni, na watu wake ndani, ili afanye biashara akidhani hajatoka kwao. Njia hii ipo, tena ni nzuri, lakini boma linataka nafasi na chakula, na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 haina nafasi ya kulisha maboma mawili. Au unaweza kufanya lile ambalo watu wa Kitale wamelifanya tangu zamani: unaweka mkalimani katikati.

Wine ndiye mkalimani huyo. Hukaa kati ya programu ya Windows na mfumo wa Linux, na kila ombi likitamkwa hulipokea, huligeuza papo hapo, hulipeleka, huleta jibu. Hata herufi za jina lake zilitungwa makusudi zitangaze kwamba yeye si kiigaji, yaani hajengi boma. Na kuna jambo moja lililonifurahisha nilipolielewa. Hesabu hazihitaji mkalimani. Kichakataji cha mashine ni kile kile, iwe ina Windows au Linux, na moja na moja ni mbili kwa Kipokot na kwa Kibukusu. Kinachogeuzwa ni maombi peke yake. Ndiyo maana programu nyingi chini ya Wine hazichelewi kama vile mtu angedhani.

Kuna na hili la C. Kila aliyetumia Windows anajua kwamba vitu huwekwa kwenye C. Linux haina C. Sasa programu ikifika na kudai C yake, Wine huiundia folda iitwayo drive_c na kuiambia, "C ndiyo hii, ingia." Sisi wa Matisi hatuna haja ya kushangaa. Iko Matisi hii yetu ya Kitale, na iko Matisi nyingine upande wa Bungoma. Ukimwambia kijana wa boda boda pale mjini Kitale, "Nipeleke Matisi," atakuleta hapa wala hataulizia zaidi. Utakuta watu, maduka, kanisa, watoto wakicheza, na huna la kulalamikia, ila tu kama ulikuwa unamtafuta shangazi yako anayeishi ile nyingine. Hapo ndipo mkalimani wetu hukwama pia. Programu inaingia kwenye C ya bandia, inaona kila kitu kiko sawa, halafu inaanza kumwulizia shangazi.

Historia nitaipitia haraka, maana tarehe nyingi huchosha. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki. Wine ilianzishwa mwaka wa 1993 na Bob Amstadt na Eric Youngdale, wakitaka programu za Windows 3.1 zikubali kwenye Linux. Tangu 1994 kiongozi wa kazi hiyo ni Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 17 Juni 2008. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na mitano kabla ya kuthubutu kuandika nambari moja! Sababu ni kwamba hawakuwa na msimbo wa Windows mbele yao. Iliwabidi wasimame nje ya ukuta, watume swali, wasikilize jibu, kisha waandike kitu chao wenyewe kitakachotoa jibu lile lile. Tena si majibu mazuri tu. Kuna programu zilizozoea makosa ya Windows kiasi kwamba ukizipa jibu sahihi zinaanguka, kwa hivyo mkalimani analazimika kuyaiga hata makosa. Siku hizi kazi inakwenda kwa kasi. Tangu 2017 toleo kubwa jipya limekuwa likitoka kila Januari.

Kuna mwalimu mmoja aliyeniuliza swali zuri: je, huo si wizi? Kuiga majibu ya mwenzio si kama kunakili mtihani? Jibu langu ni kwamba kunakili ni kuchukua daftari la mwenzio, na hawa hawakulichukua. Swali la kufanana na hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, si kuhusu Wine bali kuhusu Google na Oracle. Google ilikuwa imetumia mistari kama 11,500 ya Java katika Android ili waandishi wa programu watumie maneno ya kuombea waliyokwisha kuyazoea. Tarehe 5 Aprili 2021 majaji sita dhidi ya wawili waliamua kwamba hayo yalikuwa matumizi ya haki. Mimi si wakili, lakini naona akili ndani yake. Mtu hawezi kumiliki swali "bei gani?"

Haya, turudi maabarani kwetu. Tulianza na Linux Mint katika mashine tatu, kwa ruhusa, na mwalimu wetu wa kompyuta alitukopesha intaneti ya simu yake. Programu ya kwanza tuliyoitaka ilikuwa Mavis Beacon, maana hiyo ndiyo iliyowafunza kaka na dada zetu kupiga chapa. (Kwa wale wanaompenda Mavis: huyo mama hakuwahi kuzaliwa. Programu ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1987, na ile sura ya kwenye pakiti ni ya mwanamitindo mzaliwa wa Haiti, Renée L'Espérance. Mimi nilihuzunika kidogo.) Mavis alitukatalia siku mbili. Hizo ndizo siku tulizosikika kwenye foleni ya githeri. Kumbe ni programu ya zamani ya biti 32, nasi tulikuwa tumeweka Wine ya biti 64 peke yake. Tulipoongeza sehemu ya biti 32, akafunguka, akazungumza, akatuambia tunyooshe migongo. Sijawahi kuona watu wakishangilia namna ile kwa sababu ya kuambiwa waketi vizuri.

Encarta, ile kamusi elezo ambayo Microsoft iliacha kuitoa mwaka wa 2009, ilifunguka nusu. Makala yanasomeka, picha zinaonekana, video zimegoma. Tumeiacha hivyo hivyo. Pascal ya zamani ya DOS hatukumpa mkalimani. Tulitumia DOSBox, ambayo kweli hujenga boma zima, hata kadi ya sauti huiigiza. Lakini boma la DOS ni dogo kama kibanda cha kuku, mashine zetu zinalimudu.

Sasa nifike kwenye anguko langu.

Wanaosoma Masomo ya Kompyuta wanajua kwamba KCSE ina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo, na mradi. Mradi wangu ulikuwa mfumo wa kumbukumbu za ghala la mahindi: jedwali la wakulima, jedwali la magunia ya kilo 90, fomu ya kupokea mzigo ambayo inakataa mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5, na ripoti ya mwisho wa siku. Niliujenga wakati wa likizo kwenye saiba ya mjomba wangu hapa Matisi, kwa Microsoft Access. Nilitumia ule mchawi wa Access ambao hukuuliza maswali kisha hukutengenezea fomu yenyewe, nzuri, yenye rangi. Nikaweka kwenye flashi. Nikarudi shuleni kifua mbele.

Na ni mimi, wallahi, niliyekuwa nikiwaambia watu kila siku kwamba kwa Wine hakuna kisichofunguka.

Mbele ya darasa zima nikachomeka flashi kwenye mashine yenye Linux. LibreOffice Base ilinionyesha majedwali yangu, wakulima wote wako, magunia yote yako. Fomu? Hakuna. Ripoti? Hakuna. Nikasema, msijali, tutaweka Access yenyewe ndani ya Wine. Ilianza kujisakinisha, ikafika katikati, ikasimama. Tukajaribu tena. Ikasimama pale pale. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Anamwulizia shangazi," na darasa likaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kuwasilisha.

Kosa halikuwa la Wine. Watu wa Wine wenyewe huweka orodha ya wazi ya programu zilizojaribiwa, na kila moja hupewa daraja, kuanzia platini hadi takataka. Ningeisoma kabla ya kujigamba ningejua. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la aina mbili. La kwanza ni domo. La pili ndilo hasa ninalotaka kuliandikia, kwa kuwa naona si langu peke yangu.

Nilipoanza upya katika Base, bila mchawi, niligundua kwamba sikujua nilichokuwa nimefanya. Nilijua kitufe kiko wapi. Sikujua kwa nini mkulima anahitaji nambari yake ya pekee, wala jedwali la magunia linamkumbukaje mkulima, wala lile sharti la unyevu linaandikwa vipi pasipo kuulizwa na mchawi. Nilikuwa nimefuzu kubofya. Usiku wa kwanza nililia, si uongo. Usiku wa tatu nilielewa uhusiano wa majedwali. Katika wiki ya pili nikaandika maulizo yangu kwa SQL, na hapo nikapata mshangao mwingine: maulizo yale yale, nilipoyapeleka kwenye Access katika mashine ya Windows iliyobaki, yalikubali baada ya kurekebisha vitu viwili vitatu. Mradi wangu niliuwasilisha umekamilika, fomu zake zikiwa mbaya wa sura kuliko zile za kwanza. Lakini ungenishika mkono usiku wa manane ukaniuliza kila mstari unafanya nini, ningekujibu.

Ndiyo sababu nasema mashine zisiuzwe. Wanaotaka ziuzwe wana hoja tatu, na sitaki kuzikimbia.

Ya kwanza husemwa na wenzetu wa bwenini: "Si mweke tu Windows ya bure kama kule saiba?" Ndugu yangu, hiyo ya bure si ya bure. Ni iliyovunjwa kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzihesabu programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa kama vile vitabu. Sisi tunaoomba watu wasinakili jarida hili, tutasema nini? Isitoshe, kile kidude cha kuvunjia kufuli mara nyingi huja na wageni wake. Nani hapa hajapata kufungua flashi akakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato? Flashi kama hizo tumeziokoa nyingi kwa Linux, kwa kuwa yenyewe huziona folda halisi zilizofichwa, na kirusi kilichoandikwa kwa Windows hakina wa kumwomba. Ila nionye: mkalimani hana ubaguzi. Ukibofya kirusi ndani ya Wine anaweza kukigeuzia maombi yake vile vile. Kwa hivyo hatubofyi tusichokijua.

Hoja ya pili ni ya majivuno, kwamba Linux ni ya maskini. Hii nitaijibu upesi. Toa simu yako ya Android mfukoni (mwalimu, nasema nyumbani, si shuleni). Kiini chake ni Linux. Mwaka wa 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka wa 2016 Microsoft hiyo hiyo ikaweka ndani ya Windows 10 mkalimani wake wa kuendesha programu za Linux, kazi ile ile ya Wine ila kwa kinyume! Na mnamo Agosti 2024 ikaukabidhi mradi wake wa Mono kwa watu wa Wine wautunze. Wale wanaopenda michezo nao wajue kwamba tangu 2018 kampuni ya Valve imekuwa ikiijenga Proton juu ya Wine, na kile chombo chao cha mkononi kilichotoka 2022, Steam Deck, kinaendesha michezo ya Windows juu ya Linux. Hao si maskini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu. Walimu husema: mtoto atafanya mtihani, na huko nje atakuta Windows. Kweli. Sikubali tuigeuze maabara nzima kuwa Linux halafu tuwaambie watahiniwa wajipange. Mimi nimeonja. Pendekezo langu ni kwamba mashine tatu, zile zenye leseni ya halali, zibaki na Windows kwa ajili ya mradi na mazoezi ya vitendo. Zikae mbali na intaneti, kwa kuwa msaada wa bure wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai gigabaiti 4 za kumbukumbu na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine zetu hazina. Zile kumi na moja ziwekwe Linux, na Wine kwa programu ambazo tumezijaribu zikakubali. Hapo wanafunzi kumi na wanne watakaa kila mmoja na kibodi yake, badala ya wanne kumtazama mmoja.

Na kuhusu mtihani wenyewe: katika karatasi za miaka iliyopita nilizofanyia mazoezi, swali husema tumia programu ya lahajedwali, unda hifadhidata, chapa kifungu hiki. Sisi ndio tunaosoma jina la kampuni pale ambapo halikuandikwa. Mwanafunzi aliyefanya jambo moja kwa programu mbili anajua lipi ni jambo na lipi ni kitufe.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya shule tu. Kila Juni saiba ya mjomba hujaa watu wanaokimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru kwa KRA. Kwa miaka mingi fomu ya iTax imekuwa ni faili ya Excel yenye makro ndani yake: unajaza, unabofya kitufe cha kukagua, inakutengenezea faili ya zip ya kupandisha. Pamoja na ile ya Excel imewekwa pia ya ODS, kwa watu wa OpenOffice. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilimwita mjomba aje aone. Mtu mahali fulani, ofisini, alikumbuka kwamba si kila Mkenya ana Excel, na kwa kukumbuka kwake mkalimani hakuhitajika. Kama KRA inaweza, hata sisi tunaweza kusambaza muhtasari wa masomo kwa PDF badala ya faili ambayo nusu ya darasa haiwezi kuifungua.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili nao nina neno lao, kabla hawajaniuliza mambo haya yanaingiaje katika jarida lao. Mwaka wa 2004 watu wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kubembeleza kampuni yoyote, kwa sababu msimbo ulikuwa huria. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Linux iitwayo Ubuntu. Mbukusu, Mzulu na Mswahili wakikaa pamoja dakika tano watagundua kwamba neno hilo na "utu" ni ndugu wa tumbo moja. Tunabishana kila mwaka kama tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Sawa, tubishane, mimi mwenyewe nimetumia mawili hapa. Lakini ziko programu zinazongoja mtu wa kuzitafsiri menyu, na klabu hii ina watu arobaini wanaojua Kiswahili kuliko mimi.

Naibu wa mwalimu mkuu aliomba kujua lini atamwona Mavis akifanya kazi. Maabara iko wazi kila Alhamisi baada ya michezo. Mashine ni nambari tisa, ile ya karibu na dirisha. Mwenye programu ya Windows iliyomkatalia aje nayo. Tutaangalia daraja lake kwenye orodha kwanza, kisha tujaribu, na ikikataa tutamwambia imekataa. Flashi tunazikagua mlangoni. Na kiranja wa zamu anakaribishwa pia, kabati halina kufuli.